Taiichi Ohno: Mhandisi Aliyeruhusu Kazi Isimame

Wahariri wameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwishafariki ambaye sisi wa uhandisi tunapaswa kumjua. Najua wengi mlitegemea mwanasiasa au mpigania uhuru. Mimi nimemchagua Mjapani mmoja wa kiwandani, Taiichi Ohno. Jina lake huenda hulijui, lakini kama umewahi kupanda daladala au matatu ya Hiace, umeshakaa ndani ya kazi yake. Na kama unasoma kompyuta, ule ubao wenye safu tatu, yaani kazi zinazosubiri, zinazofanywa na zilizokwisha, ambao timu nyingi za kutengeneza programu wanautumia, asili yake ni karakana ya huyu bwana.

Kabla sijaanza, kuna jambo moja la kufurahisha. Wajapani wana neno muda. Linatamkwa karibu sawasawa na neno letu, ila kwao maana yake ni upotevu, kitu kisicho na faida. Kwa hiyo Ohno alitumia maisha yake kupigana na muda ya Kijapani ili aokoe muda wa Kiswahili. Sisi hatuhitaji kamusi kulikumbuka somo hili!

Kijana wa kiwanda cha nguo

Ohno alizaliwa tarehe 29 Februari 1912, yaani siku yake ya kuzaliwa ilikuja mara moja kila miaka minne. Alizaliwa Dalian, mji wa kaskazini mashariki mwa China ambao wakati huo ulitawaliwa na Japani. Alisoma ufundi wa mitambo huko Nagoya, na mwaka 1932 akaajiriwa. Hakuanza na magari. Alianza katika kiwanda cha nyuzi na nguo cha familia ya Toyoda.

Mwanzilishi wa shughuli za familia hiyo, Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alikuwa amefariki mwaka 1930. Lakini mashine zake zilikuwepo. Mashine ya kufuma aliyoikamilisha mwaka 1924 ilikuwa na akili ya ajabu: uzi mmoja ukikatika, mashine inajisimamisha yenyewe. Mashine za zamani, uzi ukikatika ziliendelea kufuma nguo mbovu mpaka mtu aone. Kwa hiyo kila mashine ilihitaji mlinzi. Mashine ya Sakichi ikikaa kimya ujue kuna tatizo, na mfanyakazi mmoja aliweza kuhudumia mashine nyingi. Mwaka 1929 haki za ubunifu huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, hapa hapa Uingereza, karibu na Manchester. Wenzetu mnaosoma huko, mkipita Oldham kumbukeni.

Naomba msomaji uishike hiyo picha ya mashine inayosimama uzi ukikatika. Mengi ya Ohno yaliyofuata yametoka hapo.

Jambo la pili lililomgusa kijana huyu ni hesabu moja aliyoisikia kwenye miaka ya 1930. Alisikia kuwa mfanyakazi mmoja wa Ujerumani anazalisha kama Wajapani watatu, na Mmarekani mmoja anazalisha kama Wajerumani watatu. Piga hesabu: Mmarekani mmoja sawa na Wajapani tisa. Wengine wangekata tamaa. Ohno alijiuliza, je, kweli Mmarekani ana nguvu mara tisa? Ana mikono mingapi? Akaona haiwezekani. Basi lazima Wajapani wanafanya mambo mengi yasiyo na maana, na hayo yakiondolewa pengo litapungua. Jamani, ni mara ngapi sisi tumepewa hesabu za namna hiyo kuhusu Afrika, tukaondoka tumeinamisha vichwa bila kuuliza hilo swali la pili?

Kampuni iliyofilisika nusu

Mwaka 1943, katikati ya vita, Ohno alihamishiwa kwenye kampuni ya magari. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Japani ilikuwa magofu. Kiichiro Toyoda, mtoto wa Sakichi na mwanzilishi wa upande wa magari, alitoa agizo kwamba ni lazima waifikie Marekani ndani ya miaka mitatu, la sivyo hakutakuwa na kiwanda cha magari Japani. Ndoto kubwa, na mfuko mtupu.

Ohno alipewa karakana ya mashine. Mwaka 1947 alianza kwa kupanga mashine upya, ili fundi mmoja aendeshe mbili badala ya moja. Kufikia 1949 au 1950 fundi mmoja alikuwa na tatu au nne. Mafundi hawakufurahi hata kidogo. Fundi wa kukereza alijiona ni wa kukereza, sasa unamwambia akitoka hapo atoboe na asage pia? Ohno alikuwa mkali, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Kilichomsaidia ni kwamba Eiji Toyoda, binamu wa Kiichiro, alimkingia kifua.

Halafu ukaja mwaka 1949. Serikali ilibana fedha, mikopo ikakauka, na watu wakakosa hela ya kununua magari. Toyota ilikuwa na malori yaliyokwisha kutengenezwa yakikaa bila mnunuzi, huku mishahara haina. Mwaka 1950 mabenki yaliiokoa kwa masharti, na moja ya masharti ni kupunguza watu. Ulizuka mgomo mkubwa. Mwishowe watu wapatao 2,000 waliondoka, na Kiichiro mwenyewe akajiuzulu akibeba lawama. Alifariki mwaka 1952. Mwezi ule ule wa Juni 1950 aliojiuzulu, vita vya Korea vilianza, na jeshi la Marekani likaagiza malori. Kampuni ikapona.

Ohno hakulisahau funzo la malori yale. Kwake, upotevu mbaya kuliko wote ukawa ni kutengeneza kitu ambacho hakuna aliyekihitaji. Watu huona stoo iliyojaa ni utajiri. Yeye aliona ni hela iliyolala, na mbaya zaidi, pazia linaloficha matatizo. Ukiwa na vipuri 1,000 stoo, kipuri kibovu hakikusumbui, unachukua kingine. Ukiwa na kimoja tu, ubovu unauona leo leo.

Supamaketi na kreti la soda

Ford walitengeneza kwa wingi wa kutisha: mashine kubwa, kila moja ikitoa kipuri cha aina moja kwa maelfu, kisha vinasukumwa mbele. Toyota hawakuwa na hela ya kuiga hivyo, wala soko. Walihitaji magari machache ya aina nyingi.

Jibu Ohno alilipata mahali pa ajabu, kwenye maduka ya supamaketi ya Marekani. Alikuwa amesikia habari zake tangu miaka ya 1940, na mwaka 1956 alipotembelea Marekani akayaona kwa macho. Mteja anachukua anachotaka, kiasi anachotaka. Muuzaji anajaza rafu pale tu palipopungua. Basi Ohno akageuza kiwanda: hatua ya mbele ndiyo mteja, inakwenda kuchukua kwa hatua ya nyuma kile ilichohitaji tu, na hatua ya nyuma inatengeneza kufidia kilichochukuliwa, basi. Ili watu wajue nini kimechukuliwa, wakatumia kadi. Kadi hiyo ndiyo kanbani, neno la Kijapani lenye maana ya kibao au bango.

Kwa wale wanaoona hili ni gumu, mfikirieni mwenye duka wa mtaani kwenu. Gari la soda likija, anatoa makreti matatu ya chupa tupu, anapewa makreti matatu yaliyojaa. Hana kompyuta, hana makisio ya mwezi. Chupa tupu ndiyo taarifa ya mauzo, na ndiyo oda. Hakuna chupa tupu, hakuna soda mpya. Hiyo ndiyo kanbani, na shangazi zetu wanaifahamu siku nyingi.

Kuiweka kiwandani haikuwa kazi ya siku moja. Ilianzia kwenye karakana yake, ikapigwa vita, na mwanzoni wengine waliuita mfumo wa Ohno, kwa kejeli, wasije wakahusishwa nao. Mwaka 1962 ndipo kanbani ikaenea Toyota nzima, kisha ikafuata kwa wauza vipuri.

Kulikuwa na kikwazo cha kiufundi ambacho wahandisi mtakipenda. Huwezi kutengeneza vipande vichache vichache kama kubadilisha kalibu ya mashine ya kukandamiza bati kunachukua saa mbili au tatu, kama ilivyokuwa miaka ya 1940. Ukishaifunga utataka utoe maelfu kabla ya kuifungua. Kwa hiyo walipambana na ubadilishaji wenyewe. Miaka ya 1950 ulishuka hadi chini ya saa, pengine robo saa. Mwisho wa miaka ya 1960 ulifika dakika tatu. Mafunzo ya mshauri Shigeo Shingo yalisaidia sana hapo. Baada ya hapo uchache ukawa si gharama tena.

Kamba

Sasa nafika kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Katika viwanda vingi vya wakati ule, mstari wa kuunganisha magari ulikuwa kitu kitakatifu. Ni bosi mkubwa tu aliyeweza kuusimamisha. Gari lenye kasoro liliachwa liendelee, litarekebishwa mwisho. Ohno alirudi kwenye mashine ya Sakichi: uzi ukikatika, simama. Akaitumia kwa binadamu. Kila mfanyakazi, hata aliyeajiriwa juzi, akiona kasoro ana haki, tena ana wajibu, wa kuita msaada na kusimamisha mstari. Baadaye zikawekwa kamba juu ya vichwa vya wafanyakazi, na taa za kuonyesha tatizo liko wapi.

Fikiria ujasiri wake. Mstari ukisimama watu wote wanakaa, na kila dakika ni hela. Mwanzoni mstari ulisimama mara kwa mara na watu walivunjika moyo. Lakini kila kusimama kulifuatwa na kutafuta chanzo, na kasoro ile haikurudi. Taratibu kusimama kukapungua.

Kutafuta chanzo nako alikuwa na njia yake: uliza kwa nini mara tano. Mfano alioutumia mwenyewe ni wa mashine iliyosimama. Kwa nini imesimama? Imezidiwa, fyuzi imekatika. Kwa nini imezidiwa? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti vizuri. Kwa nini? Mhimili wake umelika. Kwa nini umelika? Hakuna chujio, vumbi la chuma limeingia. Mtu wa haraka angebadilisha fyuzi akaenda kunywa chai, na kesho yake fyuzi ingekatika tena.

Inasimuliwa pia kwamba alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, anamsimamisha mhandisi kijana ndani yake kwa saa kadhaa, kazi yake kutazama tu. Akirudi anamuuliza umeona nini. Ukisema hujaona kitu, unabaki.

Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 ndio ulioutoa mfumo huu gizani. Uchumi wa Japani uliyumba, lakini Toyota ikainuka upesi kuliko wengine, na watu wakaanza kuuliza kuna siri gani. Ohno alikuwa amekwisha kupanda vyeo, na mwaka 1975 akawa makamu wa rais mtendaji. Mwaka 1978 alistaafu Toyota, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake kuhusu mfumo. Alifariki tarehe 28 Mei 1990 akiwa na umri wa miaka 78.

Kutoka magari hadi programu

Mwaka ule ule wa 1990 watafiti wa chuo cha MIT walitoa kitabu kilichoutangaza mfumo huo duniani kwa neno la Kiingereza ambalo kwa lugha ya buchani ni nyama isiyo na mafuta. Februari 2001 wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, Utah, wakaandika tamko la mtindo wa kazi unaoitwa ajaili: kutoa programu kwa vipande vidogo, kumsikiliza mteja njiani, na kuwa tayari kubadilika. Mwaka 2003 Mary na Tom Poppendieck waliandika kitabu cha kuunganisha moja kwa moja mawazo ya Toyota na utengenezaji wa programu, na miaka michache baadaye David Anderson akaleta kanbani kwenye timu za programu.

Mwaka 2001 Ohno alikuwa kaburini miaka kumi na moja, lakini ukisoma mambo hayo unamwona. Kipengele cha programu ambacho hakuna anayekitumia ni lile lori lisilo na mnunuzi. Kazi ishirini zilizoanzwa bila kumalizwa ni stoo iliyojaa. Kupunguza wiki ya kuachia toleo jipya iwe dakika chache ni ule ubadilishaji wa kalibu. Na kuzuia kazi mpya isichomekwe kwenye programu pindi majaribio yanapofeli ndiyo kamba yenyewe.

Tatizo ni kwamba vya kuonekana vinaigwa upesi, na kamba inaachwa. Kabla ya kuja kusoma huku nilifanya kazi miaka miwili nyumbani kwenye kampuni moja ya programu. Ubao tulikuwa nao, karatasi za rangi zote, na kila asubuhi tulisimama dakika kumi na tano kupeana habari. Kijana mmoja mgeni kazini aligundua kwamba mteja akibonyeza kitufe cha kulipa mara mbili, anakatwa hela mara mbili. Alilisema asubuhi mbele ya wote. Akajibiwa kwamba tarehe imeshatajwa kwa mteja, asitucheleweshe. Programu ikatoka kwa tarehe yake. Wiki tatu zilizofuata tulikuwa tunarudisha hela za watu kwa mkono, mmoja mmoja, hadi usiku. Na yule kijana tangu siku ile kwenye kikao cha asubuhi alikuwa akisema hana tatizo lolote. Ubao ule kwa bosi ulikuwa dirisha la kutuchungulia tu, nani yuko nyuma. Ohno asingeutambua.

Na upande wa pili?

Tusimfanye malaika. Mwandishi Satoshi Kamata alifanya kazi Toyota kama kibarua wa msimu, na mwaka 1973 akatoa kitabu cha uchungu kuhusu kasi ya mstari, uchovu na majeraha. Ukiondoa kila upotevu kwenye siku ya mfanyakazi, unaweza kuondoa hata pumzi yake. Haki ya kuvuta kamba ilikuwa na maana kwa sababu baada ya msukosuko wa 1950 kampuni na chama cha wafanyakazi walijenga maelewano ya kulinda ajira, wakayatia kwenye tamko la pamoja mwaka 1962. Bila hilo, nani atavuta kamba akijua kesho ni yeye atakayefukuzwa? Nani atapendekeza njia ya kufanya kazi na watu wanne badala ya watano, akijua wa tano ni yeye?

Tena kutokuwa na akiba kuna hatari yake. Februari 1997 kiwanda cha Aisin kilichotengeneza vali ndogo za breki kiliungua, na viwanda karibu vyote vya Toyota nchini Japani vikasimama kwa siku kadhaa.

Sisi tunachukua nini?

Kwanza, mfumo huu ulibuniwa na kiwanda kilichoshindwa vita, kikakosa mikopo na kukaribia kufungwa. Hawakungoja wapate mitambo ya Ford ndipo waanze. Tunapopanga kurudi nyumbani tusiseme bila mtaji mkubwa hakuna kinachowezekana. Chaki, kadi na swali la kwa nini havina bei.

Pili, na hili ni zito kwetu. Sisi tumelelewa kwamba mdogo hamkatizi mkubwa. Ni adabu nzuri nyumbani. Kazini inaweza kuua, hasa kwenye madaraja, hospitali na benki. Japani nako ni nchi ya heshima na wazee, kwa hiyo tusijidanganye kwamba kamba ya Ohno ni mambo ya Wazungu. Aliyoifanya ni kuugeuza ukimya kuwa ndiyo utovu wa adabu. Kati yetu wapo watakaokuwa mameneja na wakurugenzi karibuni. Siku hiyo usianze kwa kununua ubao. Anza kwa kumwuliza aliyeajiriwa juzi kama anaweza kusimamisha kazi, na kama yupo aliyewahi kufanya hivyo. Kisha tazama uso wake anapojibu.

Wenzangu wenye kazi za makundi muhula huu, hebu mjaribu hata wiki moja: punguzeni kazi mnazoanza kwa pamoja, na kasoro ikionekana simameni wote mpaka chanzo kijulikane. Mwenye swali au mwenye kunipinga, tukutane kwenye kikao cha chama, chai ipo. Nawatakia masomo mema.